Kuhamisha hifadhidata ya depo ya dawa kutoka MySQL kwenda PostgreSQL

Tuchukue depo ya dawa ya Lubumbashi yenye kaunta kuu mjini, tawi moja Katuba na jingine Likasi. Inauza kwa franka na kwa dola, na programu yake ya mauzo imekaa juu ya MySQL, mfumo wa kutunza hifadhidata, kwa miaka. Mwenye depo ameamua kwenda PostgreSQL, mfumo mwingine wa aina hiyo. Kunakili data kwenyewe ni kazi ya dakika, kwa sababu kuna programu ya bure, pgloader, inayosoma MySQL moja kwa moja na kujenga majedwali upya upande wa pili. Kazi kubwa iko kabla na baada ya hapo: kuhakikisha kila franka na kila jina la mteja limefika kama lilivyo.

Humu, jedwali ni kile MySQL inachokiita table, safu ni ile inayoshuka chini (jina, bei, tarehe), na mstari ni rekodi moja.

Hatua ya 1: Toa nakala, fanyia kazi kwenye nakala

Usiunganishe pgloader na seva ambayo keshia anaitumia. Toa nakala kwanza, kisha uipakie kwenye MySQL ya muda utakayoifanyia kazi:

```
mysqldump --single-transaction --routines --triggers \
  --default-character-set=utf8mb4 depo | gzip > depo.sql.gz
```

Chaguo la `--single-transaction` linakupa picha ya wakati mmoja bila kufunga mauzo, lakini kwa majedwali ya InnoDB tu (injini ya kawaida ya MySQL ya kutunza majedwali). Programu za zamani mara nyingi zina majedwali ya MyISAM, injini ya zamani zaidi, na hayo yanaweza kubadilika katikati ya kunakili. Yatazame mapema:

```
SELECT table_name, engine FROM information_schema.tables
WHERE table_schema = 'depo';
```

Ukikuta MyISAM, toa nakala baada ya kaunta kufungwa.

Ikiwa seva yako iko ng'ambo na wewe uko Lubumbashi, Goma au Bukavu, usijaribu kuendesha pgloader kupitia intaneti ya hapa hadi kule. Muunganisho ukikatika katikati, unaanza upya. Peleka faili lililobanwa kwa `rsync --partial`, ambalo linaendelea lilipoishia, kisha weka MySQL ya muda na PostgreSQL kwenye mashine moja. Kama mashine hiyo iko ofisini kwako, iwe kwenye onduleri (betri ya akiba). Kama iko mbali, fanya kila kitu ndani ya `tmux`, ili umeme ukikatika kwako kazi iendelee kule.

Hatua ya 2: Safisha ukiwa bado ndani ya MySQL

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi, na ni sawa kuutumia hapa. PostgreSQL ni kali: inakataa vitu ambavyo MySQL ilivipokea kimya kwa miaka. Ukiviacha hadi upande wa pili, utakuwa unapigana na data na aina za safu kwa wakati mmoja. Andika kila amri ya usafishaji kwenye faili moja, `safisha.sql`, kwa sababu utairudia kila jaribio na tena siku ya kuhama.

*Tarehe za sifuri.* Dawa isiyojulikana mwisho wake wa matumizi mara nyingi iliandikiwa `0000-00-00`. PostgreSQL haina tarehe hiyo.

```
SET SESSION sql_mode = '';
ALTER TABLE bidhaa MODIFY kuisha DATE NULL;
UPDATE bidhaa SET kuisha = NULL WHERE kuisha = '0000-00-00';
```

Mstari wa kwanza ni wa lazima kwenye MySQL mpya, la sivyo inakataa hata kuiona hiyo tarehe. Lakini usiishie hapo. Ripoti ya dawa zilizopita muda inauliza `kuisha < CURRENT_DATE`. Zamani, dawa zenye tarehe ya sifuri ziliingia kwenye orodha hiyo na mtu akazikagua rafuni. Zikishakuwa NULL, yaani tupu, zinatoweka kwenye ripoti bila kosa lolote kuonekana. Ongeza `OR kuisha IS NULL`. Hii ni dawa inayomezwa na mtu, kwa hiyo mstari huo usisahauliwe.

*Majina yenye alama za Kifaransa.* Célestin, Béatrice, Hélène: orodha zetu za wateja zimejaa haya. Tatizo linalojulikana ni jina kuonekana `BÃ©atrice`. Usiamini macho yako wala skrini, soma baiti zenyewe:

```
SELECT id, jina, HEX(jina) FROM wateja
WHERE HEX(jina) LIKE '%C383C2%';
```

Herufi é iliyo sahihi katika UTF-8, usimbaji wa herufi unaotumika leo, ni `C3A9`. Ukiona `C383C2A9`, imesimbwa mara mbili: programu iliandika UTF-8 huku muunganisho ukijitangaza kuwa latin1 (usimbaji wa zamani), MySQL ikaibadilisha tena. Usitafute kwa `LIKE '%Ã%'`, kwa sababu ulinganishaji wa kawaida wa MySQL unaona Ã na A kuwa kitu kimoja, utaletewa karibu wateja wote. Marekebisho yawe kwa mistari iliyoharibika tu:

```
UPDATE wateja
SET jina = CONVERT(CAST(CONVERT(jina USING latin1) AS BINARY)
           USING utf8mb4)
WHERE HEX(jina) LIKE '%C383C2%';
```

Ukiiendesha kwa jedwali zima utaharibu majina yaliyokuwa mazima. Kuna hali nyingine pia: safu imetangazwa latin1 lakini `HEX` inaonyesha `C3A9`. Hapo baiti ni nzima, tangazo ndilo la uongo. Igeuze safu iwe VARBINARY, kisha iwe VARCHAR ya utf8mb4, nazo baiti hazitaguswa.

*Fedha kwenye FLOAT.* Angalia safu zote za fedha. Zikiwa DECIMAL, pita. Zikiwa FLOAT, simama hapa, kwa sababu tatizo linaanza kabla hata ya kuhama. FLOAT ina biti 24 za usahihi, hivyo juu ya 16,777,216 haiwezi tena kutunza kila franka moja. Kiasi hicho kwa franka za Kongo si kikubwa kwa depo inayouza kwa jumla. Na zaidi ya hapo, MySQL inapoionyesha FLOAT inatoa tarakimu sita tu za maana: malipo ya FC 12,856,680 yanatoka `12856700`, na mysqldump inaandika hivyo hivyo. Maana yake nakala yako ya hatua ya 1 imekwisha poteza franka ambazo bado zimo ndani ya seva.

Dawa yake ni kutengeneza jedwali la pembeni kwenye seva yenyewe kabla ya kutoa nakala, bila kugusa jedwali linalotumika:

```
CREATE TABLE malipo_kiasi AS
SELECT id, CAST(kiasi + 0e0 AS DECIMAL(14,2)) AS kiasi
FROM malipo;
```

Kule kujumlisha na `0e0` kunailazimisha MySQL itumie thamani kamili iliyotunzwa. Toa nakala upya, kisha kwenye nakala hiyo igeuze `malipo.kiasi` kuwa DECIMAL(14,2) na uijaze kutoka jedwali la pembeni kwa kulinganisha `id`. Malipo yaliyozidi milioni 16 yalinganishwe na stakabadhi za karatasi. Kilichopotea siku ya kuandikwa hakirudishwi na amri yoyote.

*Tinyint yenye hali tatu.* pgloader kwa kawaida inageuza `tinyint(1)` kuwa boolean, yaani ndiyo au hapana. Programu nyingi zimeitumia safu hiyo kwa zaidi ya hapo: 0 hajalipa, 1 amelipa nusu, 2 amemaliza. Kwenye boolean, 1 na 2 zote zinakuwa ndiyo, na wadeni wote waliolipa nusu wanahesabiwa wamemaliza. Hakuna ujumbe wa kosa. Kwa kila `tinyint(1)`, endesha `SELECT hali, COUNT(*) FROM mauzo GROUP BY hali`. Ukiona namba yoyote zaidi ya 0 na 1, iandike pembeni, tutaitaja kwenye hatua ya 4.

*Mistari isiyo na mzazi.* Mauzo yenye `mteja_id` ya mteja aliyefutwa, au yenye 0 kwa mteja wa kupita. Zitafute kwa LEFT JOIN. Zenye 0 ziwe NULL. Zilizobaki bila mzazi zipewe mteja mmoja wa pamoja, kwa mfano "Mteja aliyefutwa". Usizifute: ni fedha zilizoingia.

Namba za simu zilizotunzwa kama namba zimepoteza sifuri ya mbele. Zigeuze kuwa maandishi na uirudishe.

Hatua ya 3: Tayarisha pande zote mbili

Upande wa PostgreSQL:

```
CREATE ROLE depo LOGIN PASSWORD 'nenosiri';
CREATE DATABASE depo OWNER depo ENCODING 'UTF8'
  TEMPLATE template0;
```

OWNER si pambo: tangu toleo la 15, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuunda majedwali ndani ya public, skima (kundi la majedwali) ya kawaida, isipokuwa amepewa ruhusa.

Upande wa MySQL, unda mtumiaji wa kusoma tu. Tangu MySQL 8.0, njia ya kawaida ya kuthibitisha nenosiri ni `caching_sha2_password`, ambayo pgloader haiifahamu, itagoma kuunganishwa. Kwa hiyo:

```
CREATE USER 'mhamishaji'@'127.0.0.1'
  IDENTIFIED WITH mysql_native_password BY 'nenosiri';
GRANT SELECT ON depo.* TO 'mhamishaji'@'127.0.0.1';
```

Kwenye 8.4 njia hiyo imezimwa hadi uiwashe kwa `mysql_native_password=ON` katika faili la mipangilio, na kwenye 9.0 imeondolewa kabisa. Kwa sababu hii, MySQL ya muda iwe 8.0. Nenosiri lisiwe na alama ya @. Ikibidi iwemo, kwenye faili la pgloader iandike mara mbili.

Bado kuna saa. Lubumbashi, Goma na Bukavu ziko saa mbili mbele ya UTC (saa ya marejeo ya dunia), Kinshasa saa moja. Safu ya DATETIME haitunzi eneo la saa, imetunza tu kile kilichoandikwa. Kwa hiyo kwanza ujue programu ilikuwa ikiandika saa ya hapa au ya UTC: tazama mauzo ya siku moja na uulize kaunta ilifunguliwa saa ngapi. TIMESTAMP ni tofauti, MySQL inaitafsiri kila inapoisoma, basi kwenye MySQL ya muda weka `SET GLOBAL time_zone = '+02:00';` ili zote zitoke kwa saa ya hapa.

Hatua ya 4: Faili la pgloader

Kwenye Debian au Ubuntu, `sudo apt install pgloader` inatosha. Andika faili `depo.load`:

```
LOAD DATABASE
  FROM mysql://mhamishaji:nenosiri@127.0.0.1/depo
  INTO postgresql://depo:nenosiri@127.0.0.1/depo

WITH include drop, create tables, create indexes,
     reset sequences, foreign keys,
     workers = 2, concurrency = 1, prefetch rows = 5000

SET PostgreSQL PARAMETERS
     timezone to 'Africa/Lubumbashi',
     maintenance_work_mem to '256MB'

SET MySQL PARAMETERS
     net_read_timeout = '600',
     net_write_timeout = '600'

CAST column mauzo.hali to smallint drop typemod

ALTER SCHEMA 'depo' RENAME TO 'public'
;
```

Maneno `include drop` yanafuta majedwali yenye majina hayo hayo kabla ya kuyajenga upya. Ni mazuri kwa majaribio, ni hatari kwa hifadhidata inayotumika. Soma anwani ya INTO kwa sauti kabla ya kubonyeza. Mstari wa timezone unasema saa zinazoingia ni za Lubumbashi. Kama programu ilikuwa ikiandika UTC, weka 'UTC', na time_zone ya MySQL ya muda iwe '+00:00'. CAST ndiyo inayookoa ile safu ya hali tatu. ALTER SCHEMA inahitajika kwa kuwa pgloader, ikiachwa yenyewe, inaweka majedwali kwenye skima yenye jina la hifadhidata ya MySQL, na huenda programu yako ikadai majedwali hayapo.

Endesha `pgloader depo.load` na usome muhtasari wa mwisho, hasa safu ya errors. Lazima iwe 0 kila jedwali. Ikisimama kwa "Heap exhausted", kumbukumbu iliyotengewa pgloader imekwisha: punguza `prefetch rows` hadi 1000. Ikilalamika kuhusu baiti `0x00`, kuna maandishi yenye baiti tupu, ambayo PostgreSQL haiipokei; rudi uyasafishe kwenye MySQL. Majina ya majedwali yanageuzwa kuwa herufi ndogo, nasi tunashauri yaachwe hivyo.

Hatua ya 5: Linganisha pande mbili

Kuhesabu mistari pekee hakutoshi. Linganisha fedha, kwa kila sarafu na kila mwezi. Kwenye MySQL:

```
SELECT sarafu, DATE_FORMAT(tarehe,'%Y-%m') AS mwezi,
       COUNT(*), SUM(kiasi)
FROM malipo GROUP BY sarafu, mwezi ORDER BY sarafu, mwezi;
```

Kwenye PostgreSQL, baada ya `SET timezone = 'Africa/Lubumbashi';` (au 'UTC' kama ndiyo uliyoweka), ni swali lilelile, ila `to_char(tarehe,'YYYY-MM')` badala ya DATE_FORMAT. Toa majibu yote mawili kwenye faili na uyapitishe kwenye `diff`, amri inayoonyesha tofauti.

Jumla kuu ikilingana lakini miezi miwili jirani ikapishana, kosa ni la saa: mauzo ya zamu ya usiku, saa tano na nusu usiku tarehe 31, yamesogezwa mbele hadi tarehe 1. Dalili nyingine ni mauzo ya kwanza ya siku kuonekana saa nne wakati depo inafungua saa mbili. Jumla ya franka pekee ikipishana na ya dola ikilingana, rudi kwenye FLOAT. Kisha hesabu `mauzo` kwa kila hali, na uchague wateja wachache wenye alama za Kifaransa uwatazame kwa macho.

Jaribu pia kuingiza mauzo mapya. Ukipata "duplicate key value violates unique constraint", kihesabu cha `id` hakikusogezwa:

```
SELECT setval(pg_get_serial_sequence('mauzo','id'),
              (SELECT MAX(id) FROM mauzo));
```

Maliza kwa `VACUUM ANALYZE;`, la sivyo PostgreSQL haijui ukubwa wa majedwali yake na ripoti zitakwenda polepole bila sababu.

Hatua ya 6: Maswali ya SQL ndani ya programu

Yanayopiga kelele ni rahisi, kwa sababu PostgreSQL itakuonyesha mstari wenye kosa. Alama za backtick ziondolewe, `IFNULL` iwe `COALESCE`, `LIMIT 10, 20` iwe `LIMIT 20 OFFSET 10`, `GROUP_CONCAT` iwe `string_agg`, `ON DUPLICATE KEY UPDATE` iwe `ON CONFLICT ... DO UPDATE`, na `LAST_INSERT_ID()` nafasi yake inachukuliwa na `RETURNING id`. Maandishi yawe ndani ya alama moja ya nukuu, si mbili.

Yaliyo kimya ndiyo ya kuogopa. MySQL haikutofautisha herufi kubwa na ndogo, wala é na e, PostgreSQL inatofautisha. Keshia aliyezoea kuandika `beatrice` na kumpata Béatrice sasa hapati mtu, anamsajili upya, na baada ya wiki mbili mteja mmoja ana madeni kwenye akaunti mbili. Tumia kiendelezi cha unaccent pamoja na ILIKE:

```
CREATE EXTENSION unaccent;
SELECT * FROM wateja
WHERE unaccent(jina) ILIKE unaccent('%beatrice%');
```

Kwa barua pepe na majina ya kuingilia, weka indeksi ya kipekee kwenye `lower(barua)`, kwa sababu ule upekee uliokuwa ukilindwa na MySQL umelegea bila mtu kuambiwa. Upangaji nao unabadilika: kwenye `ORDER BY` ya kupanda, MySQL inaanza na NULL, PostgreSQL inazimalizia. Ripoti ya dawa zinazokaribia kuisha itasukuma zile zisizo na tarehe mwisho wa ukurasa. Andika `NULLS FIRST`.

Hatua ya 7: Usiku wa kuhama

Usihame kabla jaribio zima, kuanzia nakala hadi `diff`, halijapita safi mara mbili mfululizo bila wewe kurekebisha kitu kwa mkono. Pima muda wake kwa saa, kisha tenga mara tatu ya huo.

Jumamosi kaunta zikifungwa, pamoja na Katuba na Likasi, piga simu kila tawi uhakikishe hakuna anayeandika. Kama ulitumia jedwali la pembeni la fedha, lifute na ulitengeneze upya sasa. Halafu funga uandishi kwenye MySQL ya zamani kwa `SET GLOBAL super_read_only = ON;`, na kutoka hapo ni hatua zilezile ulizozirudia: nakala, `safisha.sql`, pgloader, ulinganisho. Pangeni mapema saa ya mwisho, mathalani saa nne asubuhi ya Jumapili: ulinganisho ukiwa bado haujakubali, mnarudi MySQL, mnafungua Jumatatu kama kawaida na mnapanga tena. Uamuzi huo ufanywe mkiwa hamjachoka, pamoja na mwenye depo.

Mkikubali, kabla ya mauzo ya kwanza toa nakala ya upande mpya kwa `pg_dump -Fc depo > depo.dump` na uirejeshe kwenye hifadhidata ya majaribio kwa `pg_restore`, kwani utaratibu wa zamani wa nakala za kila usiku bado unaita mysqldump na utaendelea kunakili seva isiyobadilika tena. Ubadilishe usiku huohuo. MySQL ya zamani ibaki imefungwa kwa kusoma tu hadi hesabu za mwezi zifungwe na mhasibu, na faili la `depo.sql.gz` la mwisho litunzwe kwenye diski iliyo nje ya jengo.